Simu Niliyomwachia Mama

Bwenini, Jumamosi, 20 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mgongo je? Na cherehani hajambo? Namuulizia kwa sababu najua akiugua yeye, wewe huli. Mimi ni mzima, ila nimepewa kitanda cha juu, na wa chini yangu anakoroma kama anapasua kuni.

Barua huku zinagawiwa Jumamosi tu, baada ya usafi, na wenzangu wanasema zinakaa njiani karibu wiki mbili. Simu ya matroni ni ya ugonjwa na msiba, basi. Kwa hiyo nisome kwa utulivu, maana siwezi kukubembeleza ana kwa ana.

Ni ile simu niliyokuachia. Siku ya kuondoka nilikueleza mlangoni ukaitikia "haya, haya" huku umebana pini mdomoni, najua hukusikia hata nusu. Ulimwona Chiriku alivyolia. Tangu darasa la kwanza tumekaa dawati moja, leo mimi niko bweni na yeye kabaki shule ya kutwa, na kwao hana wa kuongea naye. Nilishindwa kumwambia kwamba huku simu ni marufuku. Nikamdanganya. Anaamini nimeiingiza ndani ya boksi la sabuni, na kwamba naiwasha saa kumi jioni kwa dakika chache.

Mimi na yeye tumetumiana picha kila siku, siku mia nne na kitu, hatujaruka hata moja. Kando ya jina lake utaona kimoto na namba. Siku ukiruka, kimoto kinazimika na namba inarudi mwanzo. Najua utasema watoto wa siku hizi hamna kazi. Lakini Chiriku aliniambia kwamba hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukianza kikadumu, na mimi sitaki kuwa wa kukizima.

Kwa hiyo kila saa kumi piga picha ya ukuta, dari, kiganja, chochote kisichoonyesha nyumba, halafu utume. Lakini usijibu kwa maneno, mama. Nakuomba sana, picha tu.

Mwanao wa pekee (kwa hiyo huna mwingine wa kumsingizia usahaulifu)


Nyumbani, Jumatatu, 5 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ndio unanikumbusha umri kila ninapoinamia pindo. Cherehani nimembadilishia mkanda, sasa anakimbia kama ana miadi. Unakula? Blanketi linatosha?

Nilisikia zaidi ya nusu, usinidharau. Tangu siku uliyoondoka sijaruka. Siku ya kwanza nilituma kidole gumba changu. Siku ya pili nilituma sikio, kwa kuwa nilikuwa nimeiweka simu sikioni nikidhani itaniambia la kufanya. Chiriku akajibu kwa kile kisura kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Sasa nimezoea. Dari la chumba chako nimelipiga picha kutoka kila pembe, na nimegundua linahitaji rangi.

Usikasirike sasa. Juzi aliandika, "leo siku mbaya sana". Mtoto wa watu anakwambia siku yake mbaya, wewe unamtumia dari? Nikamjibu: "Pole sana mpenzi wangu. Je, umekula? Jitahidi upumzike." Akauliza, "we nani umeiba simu ya rafiki yangu". Nilitoka jasho la kwapa mwanangu! Nikakumbuka unavyocheka, nikaandika hahahaha, nikaongeza na nyingine. Akaamini. Akaandika, "umeanza kuongea kama mama yako".

Nikwambie ukweli? Ikifika saa tisa na nusu naanza kutazama saa. Juzi nilikuwa nampima mteja kiuno, nikakumbuka kichekesho cha Chiriku nikacheka, yule mama akadhani namcheka yeye. Nusura anyang'anye kitambaa chake aondoke. Nyumba imekuwa kimya mno tangu uende, na huyu mtoto ananifurahisha.

Mama yako


Bwenini, Jumamosi, 17 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, blanketi linatosha, chakula sitaki kukizungumzia.

Nimesoma barua yako chini ya mti wa kuanikia nguo, nimecheka hadi wenzangu wakanizunguka. Sikio! Lakini mama, nilikuambia usijibu kwa maneno. Sema ukweli wako, umejibu mara ngapi? Kama haikwepeki, basi usiandike "je". Usiweke nukta, kwetu nukta ni kununa. Na usimwite mpenzi wangu, mwite "we kichaa". Jibu fupi halafu sema kengele imelia, uzime.

Anasemaje kuhusu shule? Darasani bado anakaa peke yake? Wakati mwingine najisikia wivu, wewe unaongea naye kila siku na mimi nasubiri Jumamosi.

Mwanao


Nyumbani, Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama. Fundi mwenzangu wa jirani amehama, kwa hiyo wateja wake wote wameniangukia mimi, na kila mmoja anataka nguo jana.

Masharti yako nimeyafuata mpaka nimekuwa bingwa. Siandiki "je". Ninamwita kichaa, na Mungu anisamehe. Kutuma stika najua, hata ile ya mbuzi anayekata mauno. Wiki iliyopita tulichati karibu saa nzima nikaunguza sketi ya mteja kwa pasi, alama ya pembetatu kabisa, nikalazimika kuigeuza iwe mfuko.

Lakini kuna jambo. Chiriku hana raha. Siku tatu hakwenda shule. Anaandika kitu, anafuta, ninaona vile vidoti vitatu vinacheza halafu vinapotea. Jana akauliza, "hivi ukiwa na siri kubwa ungeniambia". Nikasema ndiyo. Akauliza, "na mimi nikikuambia hutamwambia mtu". Nikasema sitamwambia mtu. Akasema atafikiria.

Sijui kama nimefanya vyema. Ningekuuliza kwanza, lakini wewe uko wiki mbili mbali na yeye alikuwa anasubiri pale pale.

Mama yako


Bwenini, Jumamosi, 16 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Naandika haraka niuwahi mfuko wa barua unaopelekwa posta leo.

Tafadhali acha. Usimuulize kitu, usisubiri hiyo siri. Hayo anataka kuniambia mimi. Akija kujua kwamba aliyekuwa anamsoma ni mtu mzima, tena wewe, tena mama yake ni mteja wako, hatanisemesha mpaka anazeeka, na atakuwa na haki. Mwambie matroni anafanya msako na nitazima simu mpaka likizo. Acha kimoto kizimike, mama, mimi sikijali tena. Likizo nitakwenda kwao mwenyewe na nitamwambia nilimdanganya.

Kosa ni langu, nilianza mimi. Lakini acha leo leo.

Mwanao


Nyumbani, Jumamosi, 23 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kazi nyingi tu.

Simu ya Chiriku imeharibika, hapatikani. Kwa hiyo kile kimoto kimezimika, usinilaumu. Wewe soma, mambo ya simu yaache. Nimekutumia soksi mbili na sabuni.

Mama yako


Bwenini, Jumamosi, 13 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Soksi nimepata. Ile barua yako fupi niliisoma mara nne nikaona haina sauti yako, lakini nikajiambia labda umechoka.

Kuna msichana wa kidato cha kwanza, kwao ni nyuma ya kinu pale mtaani kwetu. Alirudi nyumbani kung'olewa jino, amerejea jana. Alinikuta nafua, akasimama pembeni, akaniuliza, "Dada, kwa nini ulimfanyia vile Chiriku?" Nikamuuliza vipi. Akasema mtaa mzima unajua: Chiriku ana mimba, ameachishwa shule, ameondolewa nyumbani, na aliyemchoma ni mimi. Eti nilikuandikia wewe barua nikakueleza siri yake, wewe ukaipeleka kwa mama yake.

Niliandika barua gani, mama? Mimi hata nilikuwa sijui ana mimba. Nimelijua jambo hilo jana, nikiwa na povu mikononi, kutoka kwa mtoto wa jino.

Niambie kilichotokea. Chote.

Mwanao


Nyumbani, Jumatatu, 29 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa na karatasi hii siku mbili. Sitakuuliza hali, maana najua hali yako na najua nani kaisababisha.

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tatu Machi. Saa kumi na dakika tano Chiriku aliandika: "nina mimba. miezi minne. usimwambie mtu yeyote hasa mama yako maana mama yangu anashonewa nguo kwake". Nilikuwa na mkasi mkononi nikauweka chini. Nikamuuliza ya nani. Ni kijana waliyejuana humo humo kwenye simu, wakaja kukutana. Alipomwambia, akamblok, hampati tena kwenye simu. Hajui hata jina lake la kweli. Halafu akaandika kwamba kuna mtu amempata, Jumamosi atampa dawa ya kuitoa, na mimi nimwombee.

Mwanangu, mimi nimezika mtu kwa dawa kama hizo, mama yako mdogo, tulipokuwa wasichana. Nilimwandikia asithubutu. Nilimwandikia mambo mengi, nikasahau yale masharti yako yote. Akajibu, "usinihubirie nilidhani wewe ni rafiki yangu". Alhamisi hakujibu kabisa. Kukuandikia wewe ni wiki mbili. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikaenda kwao. Hilo silijutii, nikwambie wazi, na nikirudishwa siku ile nitakwenda tena. Ninalolijutia ni lililofuata. Nilimwambia mama yake polepole, kwa adabu zote. Alinitazama akauliza, "Umejuaje?"

Ningesema nini? Kwamba mwanamke wa miaka arobaini na sita anashika simu ya mwanawe kila jioni, anajifanya msichana, anatuma mbuzi anayekata mauno? Wateja wangu wote wangesikia. Nilipata aibu, mdomo ukatangulia akili. Nikasema, "Mwanangu ameniandikia barua."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Chiriku alikuwa ameketi kitandani, amesikia kila neno. Hakulia. Aliniamkia, mwanangu. Alisema "shikamoo mama" kama siku zote.

Siku ile saa kumi ulikuja ujumbe mmoja: "asante rafiki". Baadaye nikasikia mama yake ameivunja ile simu kwa mchi. Jumapili walimpeleka kwa shangazi zake, na mama yake hamwambii mtu ni wapi. Nikakudanganya na wewe. Barua yako ya kuniambia niache ilinifikia mwisho wa Machi, kila kitu kimekwisha, nikaisoma nikaificha kwenye droo ya nyuzi.

Nisamehe ukiweza.

Mama yako


Bwenini, Jumamosi, 11 Mei

Mama,

Shikamoo.

Kwa nini ulikwenda kwao, nimeelewa. Pengine mimi nisingethubutu, na Jumamosi ile ingefika, na leo tungekuwa tunaandikiana mengine. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo.

Lakini kwa nini jina langu? Ungeweza kusema umeota. Ungeweza kusema umemwona anavyotembea, wewe ni fundi, unapima matumbo ya watu kila siku. Ulijiokoa na kicheko cha wateja ukanitoa mimi. Chiriku yuko mahali fulani, tumbo linakua, hana mtu, na kila anaponikumbuka anakumbuka kwamba nimemuuza.

Ninachotaka ni kimoja. Nenda kwa mama yake umwambie ukweli wote, na mbuzi umtaje. Umwombe amfikishie Chiriku. Ajue tu kwamba si mimi. Hata asiponisemesha tena, ajue.

Mwanao


Nyumbani, Jumatano, 29 Mei

Mwanangu kipenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili. Mimi nipo.

Nilikwenda siku ile ile barua yako ilipofika. Nilimkuta mama Chiriku anachambua mchele. Nilimweleza yote, picha, stika, uongo wangu, sikubakiza. Alichambua mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Asiwe yeye, uwe wewe, tumbo si ni lile lile?" Nikamwomba amwambie mwanawe. Akasema, "Mimi na yeye hatuongei." Nikamwomba basi anielekeze aliko. Akanisindikiza mpaka nje, akanikabidhi ile blauzi yake niliyokuwa nimeikata, haijashonwa, akasema atatafuta fundi mwingine.

Hata hivyo sikuizima simu yako. Nimeiacha juu ya meza ya kukatia, inachajiwa mchana kutwa. Jana saa tano asubuhi jina la Chiriku likawaka kijani. Sijui ameazima simu ya nani. Nilikosea kuandika mara tatu. Nakunakilia neno kwa neno, uone kwamba nilijaribu.

Nilimwandikia: "Chiriku mwanangu, mimi ni mama wa mwenzako, fundi cherehani. Tangu Januari uliyekuwa unaongea naye ni mimi. Mwenzako hana simu shuleni, hajui lolote, hakuandika barua yoyote. Niliyesoma siri yako ni mimi na niliyeisema ni mimi. Niliogopa aibu nikamsingizia. Yeye anakupenda na analia kwa ajili yako. Nichukie mimi."

Tiki mbili zikageuka bluu. Vile vidoti vikacheza muda mrefu. Akajibu hivi:

"yani umefika mahali pa kujifanya mama yako. ulidhani sitajua uandishi wako tumechati kila siku. mama yako alikuja kwetu alisema mbele yangu umemwandikia barua. mama yako ni mtu mzuri sare yangu ilipochanika mgongoni aliishona na hakuniuliza imechanwa na nini. usimsingizie. mtoto alitoka wiki iliyopita amekufa. nilitaka kukwambia wewe tu ndo maana nimeazima simu. basi"

Nilibonyeza pale pa kurekodi ili asikie sauti yangu, ajue kweli ni mimi. Nikasema jina lake, nikasema pole. Sauti ikaenda tiki moja. Picha yake ikatoweka. Nimepiga, hailii. Kinyozi wa hapa nje ameitazama simu akaniambia, "Mama, huyu amekublok."

Nilishona jina lako kwenye uongo wangu, na sasa nimeshindwa kulifumua. Sina neno jingine la kukupa, mwanangu. Nilitaka upate hata moja.

Niandikie. Nitukane, lakini niandikie.

Mama yako


Nyumbani, Jumapili, 30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Nimehesabu Jumamosi zimepita tano, na mtu wa posta siku hizi akiniona ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Labda barua yangu ilipotea. Labda ilifika.

Simu yako nimeizima, nimeifunga kwenye kipande cha kitambaa, iko kabatini kwako. Sijaigusa tena. Dari nimelipaka rangi, nikijua unakuja.

Jana matroni alinipigia. Nilipoona namba ya shule nikadhani unaumwa. Akasema hapana, ni mzima kabisa, anasoma vizuri, ila likizo inaanza Ijumaa na amejiandikisha kubaki bwenini, na fomu inahitaji ruhusa ya mzazi. Akaniuliza kama nakubali. Nikamuuliza kama uko hapo karibu. Akasema uko hapo hapo, umesimama naye. Nikamwomba akupe simu.

Nilisikia akikwambia, "Mama yako huyu, ongea naye." Nikasubiri. Halafu akarudi yeye mwenyewe akasema umetikisa kichwa.

Nikamwambia aandike kwamba nimekubali.

Mama yako